Karatasi ya dawa imejaa madhara, faida ina mistari miwili. Nimjibu nini baba?

Kifunguamimba:

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu.

Baba yangu ana miaka 63. Presha anayo kwa muda mrefu, ila hajawahi kupata mshtuko wa moyo wala kiharusi. Mwezi uliopita daktari alimwongezea kidonge cha kushusha lehemu, atovastatini miligramu 10, kimoja kila usiku. Baba hamezi kitu ambacho hajakisoma, na maandishi yakiwa madogo ananipa mimi nimsomee. Jioni ile ile akaikunjua karatasi iliyokuwa ndani ya boksi, ikafunika nusu ya meza, akaniambia, "Nisomee yote, usiruke."

Imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa nasoma huku natafsiri. Sehemu ya faida ilikuwa mistari miwili: dawa hii hushusha mafuta kwenye damu, na hutumika kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo. Baada ya hapo ni madhara mpaka nikakaukiwa koo. Maumivu ya misuli, maumivu ya viungo, kichwa, kichefuchefu, kufunga choo, kuharisha, kutoka damu puani, sukari kupanda, ini. Na kila kundi limepewa kipimo chake: hadi mtu 1 kati ya 10, hadi mtu 1 kati ya 100, hadi mtu 1 kati ya 1,000, hadi mtu 1 kati ya 10,000.

Baba alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Inanisaidia kiasi gani?"

Nikamrudia ule mstari kwamba inapunguza hatari ya ugonjwa wa moyo.

"Kupunguza nimesikia. Nauliza kiasi gani. Madhara wameyapima mpaka mmoja katika elfu kumi. Faida mbona hawakuipima?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Tangu siku hiyo anameza siku mbili, anaruka tatu. Akiumwa goti anasema ni kile kidonge, na goti hilo linamsumbua tangu nikiwa sekondari.

Nikaingia mtandaoni. Nikakuta tangazo la zamani la Marekani la dawa hii hii, limeandika kwa herufi kubwa kwamba inapunguza mshtuko wa moyo kwa asilimia 36. Nikakimbia kumwambia. Akatabasamu, akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza, "Asilimia 36 ya nini?"

Naombeni mnisaidie hapo. Ni 36 ya nini? Na kwa nini karatasi inayoweza kuhesabu watu waliotokwa damu puani inashindwa kuhesabu waliosaidiwa?

Mfamasia_Dirishani:

Marahaba, binti. Nimekaa dirisha la dawa miaka 14, na wagonjwa wanaouliza kama baba yako nawahesabu kwa vidole. Wengi huuliza dawa inaumiza vipi. Inasaidia kiasi gani wanaona ni jambo lililokwisha amuliwa na daktari.

Nianze na hiyo 36. Inatoka kwenye utafiti uitwao ASCOT, uliotangazwa 2003. Walichukua watu 10,305 wenye presha, ambao hawakuwa wamewahi kupata mshtuko wa moyo lakini kila mmoja alikuwa na walau mambo mengine matatu yanayouongezea moyo uwezekano wa kuugua: umri, sigara, kisukari na mengineyo. Nusu walipewa atovastatini miligramu 10, dozi ile ile ya baba yako. Nusu walipewa kidonge kinachofanana nayo kisicho na dawa ndani. Wakafuatiliwa kwa takriban miaka 3.3.

Upande wa kidonge kitupu, watu 154 walipata mshtuko wa moyo au walikufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo. Upande wa dawa, watu 100. Kila upande ulikuwa na watu kama 5,150. Gawanya mwenyewe utapata karibu 3 kati ya 100 bila dawa, na karibu 2 kati ya 100 kwa dawa.

Kwa hiyo mwambie mzee ni asilimia 36 ya ile 3. Anayesikia "36" anawaona watu 36 kati ya 100 wameokolewa, kumbe kwa muda ule ni mmoja hivi. Lile tangazo nalo lilikuwa na maelezo hayo, 3 kwa 2, kwa maandishi madogo chini. Namba zote mbili ni za kweli. Lakini ni moja tu inayomwezesha mtu kuamua.

Hayo ya kutopima faida yana sababu zake, na nyingine zina uzito. Sheria ya Ulaya ya 2001 inakataza kuweka ndani ya karatasi jambo lolote lenye sura ya kuitangazia dawa biashara. Watengenezaji wengi wakaona salama zaidi kusema dawa ni ya nini na kuishia hapo. Halafu karatasi ni moja na wagonjwa ni wa aina nyingi. Utafiti mwingine wa statini, yaani kundi la dawa ambamo atovastatini imo, wa 1994, uitwao 4S, ulichukua watu 4,444 ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa moyo, wakatumia simvastatini kwa muda wa kati wa miaka 5.4. Waliokufa bila dawa walikuwa kama 12 kati ya 100, kwa dawa kama 8. Hao ni watu wanne katika mia, na kinachohesabiwa ni vifo. Sasa karatasi iandike 4 au iandike 1? Jibu langu ni kwamba iandike zote mbili na iseme nani ni nani. Nafasi ipo. Kama kutokwa damu puani kumepata mstari wake, na hili lipate.

Marekani kulikuwa na madaktari wawili wa Chuo cha Dartmouth, Lisa Schwartz na Steven Woloshin, waliolipigania jambo hili kwa miaka mingi. Walitengeneza jedwali dogo la ukurasa mmoja: safu ya waliotumia dawa, safu ya wasiotumia, na chini yake faida na madhara kwa kipimo kile kile. 2009 walichapisha matokeo ya kulijaribu kwa watu wa kawaida. Kwenye dawa za kiungulia, 68 kati ya 100 waliopewa jedwali walichagua dawa iliyo bora. Waliosoma maelezo ya kawaida ya matangazo ni 31. Mwaka huo huo jopo la washauri la mamlaka ya dawa ya Marekani lilipendekeza jedwali hilo litumike. Mpaka leo ukifungua boksi hulikuti.

Kuhusu kumeza siku mbili na kuruka tatu: hapo anabeba wasiwasi wote wa dawa na kuitupa sehemu kubwa ya faida. Akitaka kuacha, aache baada ya kuzungumza na daktari wake. Na iwapo atapata maumivu makali ya misuli yasiyo na sababu, hasa pamoja na mkojo wa rangi ya kahawia iliyokolea, huko ni kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Tatizo hilo ni la nadra sana, ila halisubiri.

Mtafsiri_wa_Usiku:

Naomba niongeze upande wa lugha, maana natafsiri karatasi za namna hii kwa kazi. Dada, ulipofika pale penye "hadi mtu 1 kati ya 10", ulimtafsiria mzee kwa neno gani?

Kifunguamimba:

Nilisema "madhara ya kawaida".

Mtafsiri_wa_Usiku:

Ndipo ninapopaogopa. Kwetu "kawaida" ni jambo linalotarajiwa, ndivyo lilivyo. Nikikuambia mvua ya masika ni kawaida, utabeba mwavuli. Mzee amesikia kwamba maumivu ya misuli ni kawaida ya dawa hii, basi anakaa kuyasubiri. Mimi siku hizi sitafsiri lile neno kabisa, naandika hesabu tupu: "Kati ya watu 100 wanaotumia, hawazidi 10."

Wala si Kiswahili peke yake. 2004 watafiti wa Uingereza waliwapa wagonjwa wanaotumia statini maelezo ya madhara. Wengine walipewa neno, wengine namba. Kufunga choo, kunakowapata 2.5 kati ya 100, walioambiwa kwa neno walikadiria kunawapata 34. Kuvimba kongosho, ambako ni 4 kati ya watu 10,000, walioambiwa kwa neno lenye maana ya "nadra" walikadiria 18 kati ya 100. Waliopewa namba nao walikosea kwa kuzidisha, ila si kwa umbali huo.

Neno la pili ni "hatari". Ukisema dawa inapunguza hatari, mtu ambaye hajisikii kuumwa anajiuliza hatari gani, mbona niko salama. Hatari kwetu ni nyoka aliyeingia ndani, wakati kwenye ile karatasi ni hesabu ya jambo ambalo huenda lisitokee kamwe. Mimi huandika "uwezekano". Linapunguza nguvu ya sentensi, nakubali, lakini linasema kweli.

Kifunguamimba:

Nimerudi. Jana jioni nimefanya jambo, nawasimulia.

Nilichukua njiti za kiberiti, nikazihesabu 100 mezani mbele ya baba. Nikamwambia hawa ni watu 100 wenye presha kama yako, hawana dawa, tunawaangalia miaka mitatu na kitu. Nikazivunja vichwa njiti tatu nikaziweka pembeni. Nikamwambia hawa watatu ndio waliopata mshtuko. Sasa tuwape wote 100 kidonge, kila usiku, miaka ile ile. Nikaichukua njiti moja kati ya zile tatu nikairudisha kwenye kundi, nikaacha mbili.

Alizitazama muda mrefu. Nikajua nimemkatisha tamaa, nikaanza kutafuta maneno ya kumpoza. Akasema, "Kwa hiyo hawa 97 wanameza bure?"

Nikamwambia ndiyo, kwa miaka hiyo mitatu 97 wasingepata mshtuko hata bila kidonge, na wawili wameupata ingawa wamemeza. Aliyefaidika ni yule mmoja.

"Na yeye anajua kama ni yeye?"

Nikamwambia hajui. Hata baada ya miaka mitatu hajui, maana kilichomfaa ni jambo ambalo halikutokea.

Akaokota ile njiti niliyoirudisha, akaizungusha vidoleni. Akaniambia tangu apewe kidonge alikuwa anasubiri kujisikia vizuri zaidi. Hakujisikia vizuri zaidi, na goti linauma, ndiyo maana alikuwa anaruka. Hakuna aliyemwambia kwamba dawa hii haimfanyi mtu ajisikie chochote. Hata mimi niliyemsomea karatasi nzima sikumwambia, kwa sababu karatasi haisemi.

Hapo ndipo nilipoelewa kuwa baba hakuwa mkaidi. Amekuwa akiipima dawa kwa kipimo pekee alichopewa, na kipimo hicho kilikuwa cha maumivu.

Usiku amemeza. Hakuniambia kama ataendelea, nami sikumuuliza.

Msafiri_63:

Namwelewa mzee wako vizuri, kwa sababu mimi niliiacha statini mara mbili kwa maumivu ya mapaja, na maumivu yale yalikuwa ya kweli kabisa. Asije mtu akaniambia niliyawaza tu.

Ila daktari wangu alinieleza utafiti wa Imperial College London, uitwao SAMSON, uliotoka 2020. Walichukua watu 60 waliokwisha kuacha statini kwa sababu ya madhara. Wakawapa chupa 12 za mwaka mzima, chupa moja kila mwezi bila mpangilio: nne zina statini, nne zina vidonge visivyo na dawa, nne hazina kitu. Kila siku mtu anaandika maumivu yake kwa alama 0 hadi 100. Miezi ya chupa tupu wastani ulikuwa 8. Miezi ya vidonge visivyo na dawa ukapanda hadi 15.4. Miezi ya statini, 16.3. Yaani sehemu kubwa sana ya maumivu ililetwa na tendo la kumeza kidonge. Walipoonyeshwa alama zao wenyewe, nusu walirudi kwenye dawa. Mimi sikuwemo, lakini hadithi hiyo ndiyo iliyonirudisha, na sasa nina mwaka wa tatu.

Nikasoma na mwingine wa 2022, uliounganisha majaribio 19 yenye watu karibu 124,000. Waliolalamika misuli kwenye statini walikuwa 27.1 kati ya 100. Na kwenye vidonge vitupu? 26.6. Karatasi inamwambia baba yako misuli inauma. Haimwambii kwamba wasiotumia dawa nao misuli inawauma karibu sawasawa. Kwa hiyo hata upande wa madhara, ambako tunasema wamepima, wamepima kwa mkono mmoja wa mizani.

Muuguzi_Wodi3:

Samahani kama nitaonekana mgumu. Nimesoma uzi wote na nina hofu. Nimewapokea watu walioacha dawa za moyo kwa sababu mtu aliwaambia faida ni ndogo. Mkieneza hii "1 kati ya 100", wengi wataona si kitu, wataacha. Dada, baba yako ni msomi na ana binti wa kukaa naye mezani na njiti. Wengine hawana. Kuna habari ambayo ni ya kweli na bado inaua.

Kifunguamimba:

Kaka, hofu yako naiheshimu, na sijaja hapa kumshauri mtu aache dawa. Lakini baba alikuwa ameshaanza kuacha kabla hajaiona namba yoyote ya faida. Alikuwa anaacha kwa sababu ya kutokuijua. Alikuwa na namba kumi na kitu za madhara na sifuri ya faida, na kwa mtu anayejua hesabu sifuri nayo ni jibu.

Na tukimficha ile 1 tukampa 36, siku akigundua ataamini tumemdanganya kwenye mengine yote pia. Baba angekuwa hivyo. Asingekutukana, angekushukuru na kuziacha dawa zote, pamoja na ya presha.

Mfamasia_Dirishani:

Nipo kati yenu. Muuguzi ana haki ya kuogopa namba inayotembea peke yake. Uingereza, Oktoba 1995, mamlaka ilitoa onyo kwamba aina mpya za vidonge vya uzazi wa mpango zinaongeza mara mbili damu kuganda kwenye mishipa. Wanawake wengi wakaviacha ghafla, na inakadiriwa mwaka uliofuata utoaji mimba England na Wales uliongezeka kwa takriban 13,000. Ile "mara mbili" ilikuwa kutoka mtu 1 kati ya 7,000 kwenda 2 kati ya 7,000. Lakini tazama kilichowatisha: ni uwiano usio na hesabu ya watu. Namba kamili ingewatuliza.

Binti, ile 3 kwa 2 ni ya watu wa ASCOT, kwa miaka 3.3. Baba yako anatakiwa apate ya kwake, na kwa miaka 10. Mwombe daktari amkadirie kwa chati ya uwezekano wa kupata mshtuko wa moyo au kiharusi. Shirika la Afya Duniani lilisahihisha za kwake 2019, na ipo hata isiyohitaji kipimo cha maabara. Tuseme kwa mfano amekuta 20, yaani kati ya watu 100 kama yeye, 20 watapata mshtuko au kiharusi ndani ya miaka 10. Statini ikishusha lehemu mbaya kwa milimoli 1 kwa lita (ndicho kipimo kinachoandikwa kwenye majibu ya maabara), hupunguza matukio hayo kwa takriban moja ya tano. Ishirini inakuwa 16. Kwa wanne katika mia, huenda mzee akaitazama ile njiti kwa jicho jingine. Au asiitazame hivyo, ni haki yake.

Kifunguamimba:

Ahsante sana. Kliniki ni Alhamisi. Nimempelekea baba maneno yako, akaomba kalamu. Kwenye ile karatasi, kando ya mistari miwili ya faida, ameandika kwa mkono wake: "Kati ya 100 kama mimi, wangapi? Kwa miaka mingapi?" Akaikunja akairudisha ndani ya boksi, anaenda nayo.

Swali langu la mwisho, Mfamasia. Kwenye chati wanatumia presha ya sasa hivi akiwa kwenye dawa, au ile ya mwanzo kabla hajatibiwa? Ya mwanzo ilikuwa juu sana.

Mfamasia_Dirishani:

Ya sasa. Lakini mwambie daktari na ile ya mwanzo pia, maana kwa mtu aliyekwisha anza dawa ya presha chati inaweza kuonyesha pungufu ya hali halisi. Beba daftari lake la presha la miezi mitatu iliyopita, na majibu ya lehemu ya kabla ya kidonge. Na goti alitaje, pamoja na mwaka lilipoanza.